SOMO LA MWEZI: KUPIGANA BILA BUNDUKI



Somo la mwezi huu linasema juu ya amani, juu ya kuweka silaha chini, na juu ya haki za mtu. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mambo ya kozi ya uraia, na sisi wa kalasi ya sita tunayarudilia mbele ya egzamen ya Leta. Ya pili, siku ya posho kutakuwa mkutano wa wanafunzi wote juu ya pompi ya maji iliyoharibika, na wote wanajua maneno yanayosemwa usiku ndani ya dortwari. Kuna wanaosema: "Tupige majiwe. Bakubwa habasikiaka mutu bila fujo." Basi sisi makapita tumeona ni vizuri, mbele ya posho, tujifunze pamoja habari ya vijana wa inchi yetu waliotaka kusikiwa na wakubwa sana kuliko wetu, na hawakupiga jiwe hata moja.

1. MANENO MATATU YA KUELEWA KWANZA

Amani. Watu wengi wanafikiri amani ni pale bunduki zimenyamaza. Lakini mtu anaweza kunyamaza kwa sababu ya woga. Kijiji kinaweza kuwa kimya, na ndani yake watu wananyang'anywa mashamba. Amani ya kweli inaomba vitu viwili pamoja: vita isiwepo, na haki iwepo.

Kuweka silaha chini. Maana yake ni kupunguza ao kuondoa silaha mikononi mwa watu, kuanzia bunduki moja ya Mai-Mai ndani ya pori mpaka mabomu makubwa ya mataifa yenye nguvu. Si kazi ya kukusanya vyuma tu. Mtu akitoa bunduki yake leo na kesho hana shamba, hana kazi, hana ulinzi, atatafuta ingine.

Haki za mtu. Ni vile vitu mtu anavyo kwa sababu yeye ni mtu: uzima, kusema mawazo yake, kukutanika na wenzake, kuhukumiwa kwa sheria, kufundishwa. Hazitolewi na chifu wala na askari kama zawadi. Kwa hiyo hawawezi kuzikamata tena wakikasirika. Mataifa yaliziandika katika Tangazo la tarehe 10 Desemba 1948, na Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imeziandika vilevile.

Tushike maneno haya matatu. Tutaona kwamba yanaenda pamoja sawa mafiga matatu chini ya chungu. Ukiondoa moja, bukari inamwangika.

2. KIJANA LUC NKULULA

Luc Nkulula alikuwa kijana wa Goma, mwenye kusoma sheria. Goma ni mji wa Kivu ya Kaskazini, kando ya ziwa, chini ya mlima wa moto Nyiragongo. Toka vita ya 1996 watu wa kule hawakupata kupumzika muda mrefu. Vita moja inaisha, ingine inaanza na jina lipya. Kijana wa pale akitafuta bunduki, haitaji kwenda mbali. Akitafuta kazi, ndipo anaweza kutembea mpaka viatu vikaisha.

Katika mwaka wa 2012 vijana wa mji ule walianza kukutanika. Hawakuanza kwa kuuliza nani atakuwa mbunge. Walianza kwa maulizo ya kila siku: kwa nini mji ulio kando ya ziwa kubwa hauna maji ya kunywa kwenye mabomba? Kwa nini kijana mwenye diploma hana kazi? Kwa nini watu wanauawa usiku na hakuna anayeulizwa? Wakaita umoja wao LUCHA, ni kusema kwa Kifaransa Lutte pour le Changement, kupigania mabadiliko. Luc alikuwa mmoja wa sauti zilizosikiwa sana kati yao.

Tuangalie mambo manne yaliyowatofautisha na vikundi vingine.

La kwanza: hawakuwa na prezida. Walizungumza mpaka wakapatana. Hii inachosha, na mkutano unakuwa mrefu. Lakini ina faida mbili. Mkubwa hawezi kununua kichwa cha kikundi, maana hakuna kichwa kimoja cha kununua. Na polisi wakikamata mmoja, kazi haisimami.

La pili: hawakutaka franga za vyama vya siasa. Walichanga wenyewe, kidogo kidogo. Mtu anayekulipia nauli ndiye anayekuchagulia njia.

La tatu: walikataa fujo, si mdomoni tu. Walipokutana na polisi mara nyingi walikaa chini barabarani. Hawakutupa jiwe, hawakuchoma pneu, hawakuvunja duka la mtu. Askari anajua namna ya kupigana na mtu anayekimbia ao anayerusha jiwe. Mtu aliyekaa chini anamletea askari shida ya moyo.

La ine: waliomba kitu kinachojulikana. Hawakusema tu "tunataka maisha mazuri." Walisema: maji, mahali fulani, na mwenye daraka ni huyu. Ombi la namna hiyo linaweza kupimwa, na mkubwa hawezi kujibu kwa hotuba tu.

Luc na wenzake walikamatwa mara kwa mara. Walipotoka buloko walirudilia kazi. Katika mwaka wa 2016 shirika la Amnesty International liliwapa vijana wa LUCHA heshima yake kubwa inayoitwa Balozi wa Dhamiri, pamoja na vijana wa Senegal na wa Burkina Faso na mwimbaji Angélique Kidjo wa Benin.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Juni 2018, moto uliwaka ndani ya nyumba ya Luc pale Goma. Alikufa humo. Alikuwa bado kijana, miaka thelathini na kitu. Wenzake hawakutosheka na maneno kwamba ni ajali, wakadai uchunguzi. Sisi si watribinali, hatutahukumu hapa. Tunasema tu kwamba mji mzima ulilia, na walimzika bila kuvunja kitu cha mtu.

3. MSICHANA REBECCA KABUGHO

Wasichana wa shule yetu waliuliza: "Na sisi? Mambo haya ni ya wanaume peke yao?" Hapana. Soma habari hii.

Tarehe 7 Februari 2016, pale Kigali, Léopards wetu walichukua kombe la CHAN kwa kuwafunga Mali 3 kwa 0. Wapenzi wa Mazembe wanakumbuka Meschak Elia aliyetia mawili. Inchi nzima iliimba. Siku chache nyuma yake, vijana wa LUCHA pale Goma walitayarisha banderoli. Walitaka kusema: inchi iliyoshinda mpira inaweza pia kushinda katika demokrasia. Katika mwaka ule muhula wa Prezida ulikuwa unakaribia kuisha, na uchaguzi ulikuwa haujatayarishwa. Tarehe 16 Februari ilipangwa kuwa siku ya mji mfu, ile inaitwa kwa Kifaransa ville morte, ni kusema watu wakae nyumbani, maduka yafungwe, bila kelele.

Alfajiri ya siku ile polisi waliingia na kukamata vijana sita. Kati yao msichana mmoja, Rebecca Kabugho, miaka 22. Kosa lao ni nini? Kitambaa na rangi. Tarehe 24 Februari walihukumiwa miaka 2. Tribinali ya juu ikapunguza mpaka miezi 6. Rebecca alikaa buloko miezi yake, akatoka, akaendelea. Katika Machi 2017 Marekani ilimpa zawadi ya Wanawake Hodari wa Dunia.

Mafundisho kwetu: hodari si mwenye mikono mikubwa. Hodari ni mtu anayejua bei ya neno lake, na analisema hivyohivyo, kwa upole.

4. NA SISI HUKU KATANGA?

Mwingine atasema: "Hayo ni mambo ya Kivu. Huku kwetu ni salama." Tumjibu kwa kumwonyesha barabara. Lori zinazotoka Lubumbashi upande huu zinafika hapa Kasomeno, na hapa njia inagawanyika. Moja inaenda Kasenga, kwenye Luapula. Ingine inapanda Kilwa na Pweto. Tuifuate ile ya pili.

Kilwa iko kando ya ziwa Moero. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia pale. Walikuwa wachache sana, na silaha zao chache. Lakini vijana wa pale, wasio na kazi, wengine walijiunga nao kwa ahadi tu. Kesho yake, tarehe 15, jeshi lilifika na kurudisha mji. Waasi hawakukaa siku mbili. Lakini angalia bei iliyolipwa: wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa, na wengine kati yao waliuawa bila kuhukumiwa. Nyumba ziliporwa. Magari ya kampuni ya mgodi wa Dikulushi yalitumika kusafirisha askari.

Sasa tuangalie njia mbili za kudai haki nyuma ya msiba ule. Hakuna mjane wa Kilwa aliyeokolewa na bunduki. Waliosaidia ni watu wa karatasi: mashirika ya haki za mtu ya Lubumbashi, kama ACIDH, pamoja na RAID la Uingereza. Walikaa na watu, wakaandika majina, tarehe, na waliyoyaona. Tribinali ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa juu ya mauaji yale katika Juni 2007. Hapo wengine wangekata tamaa. Wao walipeleka mambo mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Mtu. Katika mwaka wa 2017 uamuzi ulijulikana: Leta ya Kongo ilikuwa na kosa, na ilipaswa kuwalipa walioshitaki na jamaa zao dola milioni 2 na nusu. Miaka kumi na mitatu! Ni mwendo mrefu. Tena tusidanganyane: uamuzi wa karatasi ni jambo moja, na kulipwa ni lingine. Lakini leo hakuna mtu anayeweza kusema kwamba Kilwa hapakutokea kitu. Hiyo ni kazi ya kalamu.

Tena tukumbuke ile pembe tatu ya Mitwaba, Manono na Pweto, ambayo watu waliiita pembe tatu ya mauti. Kati ya 2012 na 2014 hasa, Mai-Mai wa Bakata Katanga walichoma vijiji, na watu maelfu na maelfu walikimbia. Tarehe 23 Machi 2013 kikundi chao kiliingia mpaka Lubumbashi. Wengi walikuwa vijana, wengine watoto, na silaha za mikono kama mishale na panga. Waliambiwa kwamba dawa itawalinda na risasi. Walidanganywa. Watu walikufa siku ile, na wale waliowatuma hawakuwa mbele ya mstari.

Kati yetu hapa shuleni kuna wenzetu ambao jamaa zao zilitembea kwa miguu kutoka upande ule. Hatutataja jina lolote. Tunaomba tu: mtu asitanie neno "Mai-Mai" ndani ya rekreasyo kama ni mchezo.

5. MTOTO NA BUNDUKI

Katika inchi yetu kuna neno moja ambalo dunia ilijifunza kutoka kwetu: kadogo. Katika 1996 na 1997 jeshi la AFDL lilipita toka mashariki, likaingia Lubumbashi katika Aprili 1997, na kati ya askari wake walikuwa watoto wenye bunduki karibu kushinda urefu wao. Watu waliwapigia makofi. Wachache waliuliza: mtoto huyu atarudi shule lini?

Dunia iliuliza kwa kuchelewa. Tarehe 14 Machi 2012, Tribinali ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai pale La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa toka izaliwe. Aliyehukumiwa ni Thomas Lubanga, kiongozi wa kikundi cha Ituri. Kosa lake: kuandika jeshini watoto chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Alipewa miaka 14. Angalieni vizuri: kosa la kwanza lililohukumiwa pale ni kukamata mtoto wa umri wa kalasi zetu za chini na kumpa bunduki.

Je, bunduki zinaondoka namna gani? Kuna njia ya nguvu, na kuna njia ya akili. Msumbiji, nyuma ya vita yao, Baraza la Wakristo pamoja na Askofu Dinis Sengulane lilianza katika 1995 kupokea bunduki na kutoa jembe, baiskeli ao mashini ya kushona. Bunduki zilikatwa, na wasanii wakafanya sanamu na viti kwa vyuma vile. Hata huku Katanga shirika la makanisa linaloitwa PAREC lilitoa baiskeli, zile tunaita kinga, kwa mtu aliyeleta bunduki yake. Nabii Isaya aliota mambo ya namna hiyo kitambo sana, katika mlango wa 2. Kinga si kitu kidogo. Mwenye kinga anaweza kupeleka makala sokoni, na jioni analeta unga. Bunduki haileti unga pasipo kunyang'anya wa mwingine.

6. SILAHA KUBWA ILIYOTOKA KWETU

Neno lingine ambalo mwanafunzi wa Katanga hapaswi kulikosa. Karibu na Likasi kuna mgodi wa zamani unaoitwa Shinkolobwe. Ulikuwa na urani nzuri kushinda migodi yote iliyojulikana wakati ule. Urani ile ilipelekwa Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baba zetu walichimba kwa mikono, bila kuambiwa ni ya nini.

Kwa hiyo habari ya kuweka silaha chini si habari ya wazungu na Wajapani tu. Udongo wetu umo ndani. Watu wa inchi nyingi walijiunga katika umoja unaoitwa ICAN kudai mabomu yale yakatazwe, na katika 2017 walipewa zawadi ya Nobel ya Amani. Mkataba wa kuyakataza ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017 na kuanza kuwa na nguvu tarehe 22 Januari 2021. Inchi yetu ilitia sahihi mwaka ule wa 2017. Inchi zenye mabomu hazijatia. Ni kazi iliyobaki.

7. KATIBA INASEMA NINI?

Tumesoma pamoja na mwalimu wa uraia. Andika katika daftari:

Artikle 23: kila mtu ana uhuru wa kusema mawazo yake.
Artikle 25: kukutanika kwa amani na bila silaha ni ruhusa.
Artikle 26: kuandamana ni ruhusa, na wenye kutayarisha wanajulisha wakubwa kwa barua.
Artikle 27: kila Mkongomani anaweza kuandikia wakubwa ombi, peke yake ao pamoja na wengine.
Artikle 52: Wakongomani wote wana haki ya kuwa na amani na usalama.
Artikle 190: hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kutengeneza jeshi lake ao kulisha vijana wenye silaha. Mwenye kufanya hivyo anahesabiwa kuwa msaliti mkubwa wa inchi.

Ona namna zinavyofuatana. Sheria inakupa mdomo, inakupa miguu, inakupa kalamu. Kitu kimoja inakunyima: silaha. Basi yule anayechukua jiwe anaacha vitu vitatu alivyopewa, anachukua kile kimoja alichokatazwa. Tena anampa mkubwa sababu ya kusema juu ya jiwe, na ombi lenyewe linasahauliwa.

8. MANENO YA WENYE MASHAKA

Tulizungumza somo hili na wenzetu wa kalasi ya tano mbele ya kuliandika. Walitupa maneno matatu ya nguvu, na si vizuri kuyaficha.

"Luc alikufa. Alifaidi nini?" Kweli, alikufa. Na Freddy Kambale, kijana mwingine wa LUCHA, alipigwa risasi Beni katika Mei 2020, wakati walipoandamana kudai usalama. Hatutasema kwamba njia hii haina hatari. Tunasema: hesabu vijana wa pande zote waliokufa na bunduki mkononi toka 1996, na uniambie wao walifaidi nini, na majina yao yanajulikana na nani. Tena, katika Januari 2019, kwa mara ya kwanza toka 1960, Prezida mmoja alipeana kiti kwa mwingine bila vita na bila kuuawa. Watu walisumbuana sana juu ya uchaguzi ule, lakini kiti kilipeanwa. Si LUCHA peke yao. Makanisa, wanafunzi, mama wa soko, wote walisukuma. Lakini vijana wale walikuwa kati ya wa kwanza kusukuma.

"Goma haijapata amani." Kweli tena. Katika mwisho wa Januari 2025 mji ule ulikamatwa na M23, na watu wengi walikufa. Njia ya amani haikuzuia vita ile. Lakini haikuileta pia. Mtu akilima shamba lake na jirani akaleta moto, hatusemi kwamba jembe ni baya.

"Mkubwa mbaya hasikii upole." Labda. Lakini upole si kunyamaza. Wale vijana hawakuwa wanyamavu hata kidogo. Walirudi, na kurudi, na kurudi tena, wakiomba kitu kilekile. Mbu hana meno, lakini hakuna anayelala naye ndani ya mustikeri mmoja.

9. SASA POMPI YETU

Tumefika kwetu. Pompi ya foraje imeharibika toka wiki tatu. Wasichana wanabeba bido mpaka mtoni, na wanarudi kengele imekwisha kulia. Wengine wanapewa adhabu ya kuchelewa. Wadogo wanakunywa maji ya mto na tumbo linawauma. Hilo si jambo dogo, na mwenye kukasirika hana kosa la kukasirika.

Lakini tufanye hesabu ya mwanafunzi mwenye akili. Tukivunja vioo vya biro, vioo vitalipwa na nani? Na wazazi wetu, juu ya minervale. Na maji yatatoka? Hapana. Watafukuza watu watano ao sita, mbele ya egzamen, na mazungumzo yote yatakuwa juu ya vioo.

Basi sisi makapita tunaleta mpango huu, mzungumze siku ya posho, muukubali ao muupinge kwa maneno:

Kwanza, ukweli ulioandikwa. Tumekwisha kuanza. Katika wiki mbili tumepata katika daftari za kalasi mara 31 ambapo msichana aliandikwa "amechelewa" saa ya kwanza juu ya maji. Hesabu hii itakuwa ndani ya barua.

Pili, ombi moja, si kumi. Kuna watu wanataka tuongeze habari ya bukari, ya mataa na ya siku ya mpira. Tuache hayo kwa leo. Tuombe: pompi itengenezwe, tuambiwe tarehe, na mpaka siku ile msichana aliyebeba maji asipewe adhabu.

Tatu, barua itiwe sahihi na kila anayependa, toka kalasi ya kwanza mpaka ya sita. Mtu asilazimishwe. Barua ipelekwe mkononi mwa Bwana Prefe na nakala kwa komite ya wazazi, na wanafunzi wanne: wasichana wawili, wavulana wawili.

Ine, tujitoe na sisi. Wavulana washike bido zamu kwa zamu mpaka pompi itengenezwe. Ni aibu kudai haki ya maji na kumwachia dada yako ayabebe peke yake.

Tano, tukipata jibu la kukataa, tuombe mkutano. Tukinyimwa mkutano, tuandike tena. Na kama kuna mtu atachukua jiwe, tumzunguke, tukae chini wote, mpaka aliweke.

Kwa walimu wetu na Bwana Prefe, tunasema kwa heshima yote: mtoto anayeleta barua anastahili jibu. Akijibiwa, shule imemfundisha kwamba kalamu ina nguvu. Asipojibiwa, mwingine atamfundisha jambo lingine, na mwalimu huyo wa pili tunamjua, amepita Kilwa, amepita Mitwaba.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini kunyamaza kwa bunduki hakutoshi kuitwa amani?
2. Taja mambo manne yaliyotofautisha LUCHA na vikundi vingine. Lipi ni gumu zaidi kwa wanafunzi? Toa sababu.
3. Kilwa, 2004: waasi walikaa muda gani? Watu wa karatasi walifanya kazi muda gani? Linganisha matunda.
4. Artikle 26 na 27 zinaomba nini kwa mwenye kudai haki?
5. Zungumzeni kwa vikundi vya watu sita: kama kijana wa umri wako anaahidiwa bunduki na chakula, na nyumbani hana hata kimoja, utamwambia nini? Jibu "ni dhambi" peke yake halitoshi. Lazima useme pia atakula nini.

Majibu ya ulizo la 5 yaletwe kwa makapita mbele ya mkutano wa posho. Lililo zuri litapigwa katika gazeti la mwezi ujao.

Tutaonana posho, saa nane, chini ya muembe. Kila mtu alete kalamu.

Makapita wa kalasi ya sita